Zulia Chini ya Dramu

Mdogo wangu alipopata bendi, mimi nilipata kazi ya kufagia gereji. Tunaishi ugenini, katika nyumba ndogo ya nyuma huku mtaa wa Morningside, ndani ya ua wa mama mmoja mzee ambaye siku hizi haendeshi tena gari. Gereji yake ilikuwa imejaa maboksi ya tangu mume wake akiwa hai. Tulipomwomba, alisema tuyapange upande mmoja, upande wa pili tufanye tunachotaka, mradi kelele ziishe kabla taarifa ya habari haijaanza kwenye televisheni yake.

Mimi ni msusi. Shule niliiacha mwanzoni mwa sekondari, kule Uvira, Kongo, na chuo nakijua kupitia mdogo wangu tu, anayesoma Westville. Kwa hiyo aliponiambia amepata wenzake wawili wa chuo wanaotaka kupiga muziki naye, nilifikiri watu waliosoma wakisema Alhamisi jioni wanamaanisha Alhamisi jioni. Nilipika chai ya maziwa, nikanunua mkate, nikaweka kiti mlangoni mwa gereji na kuwangoja. Mdogo wangu alikaa ndani na gitaa lake, akikaza nyuzi na kuzilegeza tena.

Hawakuja.

Jumapili mama alitupigia simu kutoka Uvira baada ya kanisa, kama kila Jumapili. Alikuwa ameambiwa habari ya bendi na alikuwa na swali moja tu.

"Hao watoto wamekuja?"

"Wamekuja, mama," mdogo wangu akasema, akinikazia macho ninyamaze.

Hao watoto walikuwa watu wazima wa kutosha. Mmoja ni msichana wa Kenya, anasomea uhasibu, anaimba na kupiga kinanda. Wa pili ni kijana wa Kenya pia, anasomea uhandisi, anapiga dramu. Kijana anakaa kwa shangazi yake Westville, na gari ni la shangazi. Gari hilo ndilo lililobeba bendi yote, maana dramu huwezi kupanda nayo teksi, na msichana anakaa bweni la chuo, mahali ambapo asiye na gari humngoja mwenye nalo. Shangazi akiwa na safari zake, bendi haipo.

Lakini gari halikuwa sababu yote. Nilijua hivyo kwa sababu niliwaona siku walipofika mara ya kwanza, wakashusha vyombo wakiimba, wakanisalimia kwa mikono yote miwili. Walikuwa na furaha ya kweli. Nikawa najiuliza, watu wenye furaha kama hii wanazuiwa na nini?

"Yaya, iko chai?" mdogo wangu akaniuliza siku hiyo.

Mpiga dramu alicheka mpaka akaweka vijiti vyake chini. "Wacha! Dada yako unamwita yaya?"

"Ndiyo. Si mkubwa wangu?"

"Kwetu yaya ni yule wa kulea watoto nyumbani."

"Basi hujakosea," nikamwambia. "Angalia nimekaa na nani hapa."

Tangu siku hiyo alikuwa akiniita dada, na akitaka chai ananiita yaya.

Walikunywa chai, wakabishana juu ya jina la bendi, wakabishana juu ya rangi ya mashati ambayo hawakuwa nayo. Walipoanza kupiga, jua lilikuwa tayari limeingia nyuma ya nyumba za juu. Ile dramu kubwa inayopigwa kwa mguu ilikuwa inateleza kwenye simenti. Kila kijana akikanyaga, inasogea mbele kidogo, naye anavuta kiti kuifuata. Katikati ya wimbo mguu wake ulikuwa umenyooka kama wa mtu anayetafuta breki.

"Eish, hiyo dramu yako inaenda nyumbani," msichana akasema.

"Imechoka na sauti yako."

Kijana aliiwekea tofali mbele. Tofali nalo likateleza.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa mdogo wangu, alioutunga mwenyewe, na ulikuwa mzuri. Ulianza vizuri kila mara. Shida ilikuwa mwisho. Gitaa linanyamaza, kinanda kinaendelea. Kinanda kikinyamaza, dramu bado inapiga peke yake kama mtu aliyeachwa mezani anakula.

"Mimi nilidhani wewe ndiye unamaliza."

"Mimi nilikuwa nakuangalia wewe!"

"Uliniangalia saa ngapi na ulikuwa umefunga macho?"

Wakacheka, wakapakia vyombo garini, wakasema tutaonana Alhamisi. Alhamisi hawakuja.

Mdogo wangu alijaribu kila njia aliyoijua. Akahamisha mazoezi, kwetu tunaita repetisio, kutoka Alhamisi hadi Jumamosi, kisha hadi Jumanne. Aliweka sheria kwamba anayechelewa ataosha vikombe, na vikombe nikaendelea kuviosha mimi. Kila alipoandika siku kwenye grupu la simu, vidole gumba vilipanda mara moja, viwili, vya njano, na mimi niliviangalia juu ya bega lake nikashangaa kwamba kidole kinaweza kukubali haraka namna hiyo na mwili usifike. Kuna siku walikuja wote kwa wakati, umeme ukakatika mtaa mzima, kinanda kikawa ubao tu. Siku nyingine mpiga dramu alipiga simu akasema amekwama kwenye robot, taa za barabarani, zilizozimika, na nyuma yake nikasikia televisheni.

Saluni niliwauliza wateja wangu. Mmoja alisema wanafunzi ndivyo walivyo. Mwingine alisema hawakuwa na nia. Sikukubali. Nilikuwa nimewaona nyuso wakati wimbo unaanza.

Mama naye alikuwa na hamu yake. Mdogo wangu alikuwa akimtumia vipande vya wimbo ule alivyorekodi kwa simu. Mama alivisikiliza vyote, akawasikilizisha majirani, kisha akasema, "Baba, mimi nataka mmoja mzima. Huu unakatika kila mara, nafikiri ni simu yangu."

"Si simu yako, mama. Nitakutumia mzima."

"Sawa. Mimi niko."

Mama alifariki katikati ya wiki. Alikuwa ameugua siku chache tu, wakatuambia ni malaria, wakatuambia amepata nafuu kidogo, kisha simu iliyofuata haikutoka kwake. Walimzika kesho yake. Sisi hatukwenda. Makaratasi tunayoishi nayo hapa hayamruhusu mtu kutoka na kurudi. Mazishi tuliyaona kwenye simu, na simu ilikuwa mkononi mwa mtu aliyekuwa analia, kwa hiyo tuliona zaidi miguu ya watu.

Nyumba yetu ni chumba kimoja na jiko, haiwezi kuchukua kilio. Nikatoa zulia letu chumbani nikalitandika gereji. Nikafumua nywele zangu, kama wanawake wa kwetu wanavyofanya wakifiwa, nikakaa chini. Mdogo wangu alitundika gitaa lake kwenye msumari ukutani, kati ya misumeno ya marehemu mume wa mwenye nyumba, akaligeuzia mgongo.

"Sitapiga tena, yaya," akasema. "Nilimwambia nitamtumia."

 Nilijua kwamba alikuwa anasema kweli, si maneno ya uchungu tu. Mdogo wangu akiacha kitu hakirudii. Aliacha mpira hivyo hivyo, siku moja, akagawa viatu.

Watu wa kanisa letu walikuja siku za kwanza, wakaomba, wakaleta unga na mafuta, kisha wakarudi kazini kwao kama inavyotakiwa. Lakini jioni ile ya kwanza kabisa gari la shangazi lilikuwa limeingia uani. Mpiga dramu na msichana wakashuka, wamevaa vizuri, wakavua viatu, wakakaa kwenye zulia. Msichana alikuwa na chupa ya chai. Hawakusema mengi. Msichana alianzisha wimbo wa kanisa, tukaimba, kijana akaomba sala fupi, wakaondoka.

Kesho yake saa kumi na mbili wakaja tena. Na kesho yake.

Nilikuwa na huzuni, lakini huzuni haikunizuia kushangaa. Hawa walioshindwa kufika Alhamisi moja katika nne sasa walikuwa wakifika kila siku, na saa ile ile, kiasi kwamba nikisikia gari linabadilisha gia kupanda mlima huu wetu, nilijua niwashe jiko. Niliwaangalia kwa chini chini. Hakuna aliyetazama simu. Hakuna aliyesema jam ya magari ilikuwa mbaya.

Kuimba nako kulikuwa na mambo yake. Wakristo wa kwao na wa kwetu wana tuni zile zile za nyimbo za kanisa, lakini maneno ya Kiswahili yametofautiana. Tulianza mstari pamoja, tukagongana katikati, kila mmoja na neno lake. Mwanzoni tuliona haya. Baadaye tukaanza kuulizana, nyinyi hapa mnasemaje, na kufundishana. Siku za mbele tuliimba beti moja kwa maneno yao na ya pili kwa maneno yetu. Kumaliza hakukuwa shida. Beti zikiisha, zimeisha.

Tumbili nao waligundua saa yetu. Ukanda huu wote wa Morningside wao ndio wenye mali, na mkate ukiwekwa chini karibu na mlango ni wao. Jioni moja mpiga dramu alikuwa anaomba, macho yamefungwa, tumbili akaingia taratibu kama mfiwa, akachukua mkate mzima na mfuko wake.

"...na uwafariji hawa ndugu zetu," kijana akasema, "na huyo mwizi nimemwona, Bwana, amina."

Mdogo wangu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza. Kisha akajiziba mdomo na kutoka nje.

Tangu siku hiyo msichana aliomba na jicho moja wazi, mkate mapajani.

Msichana huyo ana sauti nzuri lakini akianzisha wimbo bila kinanda huanzia juu mno. Kinanda hakukileta, maana aliona ni vibaya kuleta vyombo vya muziki kwenye matanga. Wao kilio wanakiita matanga. Basi jioni moja alianza juu sana, akafika mahali sauti ikakwama, akakohoa, akaanza tena palepale juu, ikakwama tena.

"Shuka kidogo," mpiga dramu akamwambia. "Hata malaika hawafiki huko."

"Nashuka wapi sasa? Sipaoni."

 Mdogo wangu akainuka, akatoa gitaa msumarini, akapiga uzi mmoja. Sauti moja tu. Akalirudisha msumarini, akakaa.

Msichana akaanzia pale. Tukaimba beti zote.

Mimi sikumtazama, niliogopa kumtisha kama unavyoogopa kumtisha ndege aliyetua karibu. Kesho yake akatoa sauti moja tena, na kesho kutwa akampa mwanzo wa kila wimbo. Ikafika siku akaona kutundika na kutundua ni usumbufu, gitaa likabaki mapajani mwake. Hakupiga wimbo. Alitoa sauti za kuanzia tu, na wakati mwingine, beti ya mwisho, akasindikiza kidogo kwa chini. Mpiga dramu alishika mdundo kwa vidole kwenye kifuniko cha ndoo. Wimbo wake mwenyewe, ule wa mama, hakuugusa, na hakuna aliyemwomba.

Wiki zikapita. Nywele zangu zilikuwa bado zimesimama, na saluni wateja walikuwa wananiuliza msusi gani huyu. Nilichoka, sitaficha. Chai kila siku, zulia kila siku. Lakini ningesemaje? Kwetu watu wakiendelea kuja kukaa nawe, kilio kipo, na huwezi kuwaambia wageni wa kilio wasije.

Jioni moja mpiga dramu alibaki nyuma wenzake wakiwa nje. Alikuwa anazungusha ufunguo wa gari.

"Dada, samahani. Naweza kukuuliza kitu na usikasirike?"

"Uliza."

"Kwenu Kongo, matanga... huwa yanaisha lini?"

Nikamtazama.

"Si kwa ubaya," akasema haraka. "Ni shangazi. Leo ameniuliza, hii matanga ya Morningside haiishi? Huyo mama alikuwa chifu?"

"Na kwenu yanaisha lini?" nikamuuliza.

"Kwetu unakuja kila jioni mpaka siku ya kuzika. Mkishazika, basi. Sasa hapa mazishi yalikuwa kule, ya simu, sikujua tunahesabuje. Nikasema tutafuata kwenu. Nikiona zulia limetandikwa na chai iko, najua bado."

"Mimi nilikuwa natandika zulia kwa sababu nyinyi mnakuja."

"Sisi tulikuwa tunakuja kwa sababu umetandika zulia!"

Tulitazamana. Nilianza mimi kucheka, kwa mara ya kwanza tangu ile simu, nikacheka mpaka nikaegemea maboksi. Msichana na mdogo wangu walikuja mbio wakidhani nalia. Mpiga dramu akawaeleza, na msichana akakaa chini pale pale kwenye zulia, mikono kichwani.

"Mwezi wote? Aki mimi nimekosa mpaka mafunzo ya Biblia nikisema niko matangani!"

"Ulikuwepo matangani," mdogo wangu akasema. "Ulikuwepo kweli."

Walipotulia walinitazama mimi. Nilikuwa mkubwa wa nyumba, na kilio chetu mkubwa ndiye anayekiondoa. Nikaona wazi ni nini kilichokuwa mbele yangu. Jioni hizi za kilio ndizo pekee mdogo wangu alikuwa anashika gitaa. Nikisema kimekwisha, watarudi kwenye vidole gumba vyao vya njano, gitaa litarudi msumarini, na safari hii hatalitoa. Nikinyamaza wataendelea kuja, kwa heshima, mpaka shangazi amnyang'anye kijana gari. Nilitamani kunyamaza. Lakini watu waliokaa nami hivyo siwezi kuwakalisha kwa uongo.

"Kilio kimeisha," nikasema. "Mmemlilia mama yetu vizuri. Kuanzia kesho hakuna anayelazimika kuja."

 Kisha msichana akauliza kama kwetu kuna kitu kinachofanywa siku ya kuondoa. Nikamwambia watu hula pamoja, zulia huoshwa, na aliyefiwa nywele zake hushikwa, yaani husukwa tena. Tukala tulichokuwa nacho, mayai na mkate uliobaki. Nywele akazishika yeye. Alinisuka mistari mitano, hakuna hata mmoja ulionyooka. Nilikwenda nayo kazini hivyo hivyo, na sikumruhusu mwenzangu kuigusa.

Asubuhi niliosha zulia kwa brashi na kulitandaza kwenye kamba. Jioni ile mdogo wangu alikaa kwenye ngazi ya mlango, gitaa mapajani, hapigi. Hakuandika kitu kwenye grupu.

"Sasa tutajua," akasema.

Magari yalipanda, yakabadilisha gia, yakapita. Saa kumi na mbili ikapita. Nilikaa karibu naye. Kusema kweli nilikuwa na hofu, lakini zaidi nilitaka kujua, kama mtu aliyesoma kitabu mpaka karibu na mwisho. Giza lilipoanza aliingia ndani. Nikasikia gitaa linagusa ukuta.

Kesho yake sikuwasha jiko. Nilikuwa nafungua viatu baada ya kazi niliposikia gari likiingia uani kwa kishindo, kama lililobeba mzigo. Lilikuwa limejaa mpaka kioo cha nyuma. Msichana alikuwa amekaa mbele amekumbatia kinanda, miguu juu ya mfuko wa vijiti.

"Jana mbona hamkuja?" nikauliza kabla ya salamu.

"Si ulisema hatulazimiki?" mpiga dramu akasema, akivuta dramu kubwa kutoka kiti cha nyuma. "Tukasema tukae siku moja bila kulazimika, tuone ikoje."

"Ikoje?"

"Mbaya," msichana akasema. "Saa kumi na mbili nilikuwa nimekaa kitandani sijui niweke mikono wapi."

"Mimi leo nilimwambia shangazi naenda matangani," mpiga dramu akasema. "Mdomo umezoea. Kisha nikamwambia hapana, naenda mazoezini. Akasema bora hilo, chukua gari."

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni.  Alikwenda akashika upande wa pili wa dramu.

Walipopanga vyombo, kijana alikanyaga mara mbili, dramu ikaanza safari yake. Akainua kichwa. "Dada, lile zulia liko wapi?"

Lilikuwa bado kwenye kamba. Nilisimama kidogo. Kwenye zulia lile nilikuwa nimemlilia mama yangu, na kwetu zulia la kilio hukunjwa likawekwa mbali. Lakini mama angeuliza swali lake lile lile, na dramu ilikuwa inatembea. Nikalitoa kwenye kamba, kona moja bado ina maji. Tukalitandika pale nilipokuwa nakaa, dramu ikawekwa juu yake. Kijana akakanyaga kwa nguvu. Haikusogea.

Mdogo wangu aliweka simu yake juu ya boksi, akabonyeza kurekodi. Akaanza wimbo wake. Waliufuata, na walipokaribia mahali walipokuwa wanapotea, niliona wote watatu wakitazamana, kama walivyozoea kutazamana kuona nani anaanza beti. Mdogo wangu aliinua kidevu. Wakanyamaza pamoja, isipokuwa kinanda kilichobaki na sauti moja ndogo.

"Samahani," msichana akasema, na hiyo nayo ikaingia kwenye rekodi.

Mdogo wangu alichukua simu. Alisimama nayo kwa muda, kidole juu ya kioo, nikajua ni jina la mama analolitafuta na kwa nini kidole hakishuki. Kisha kikashuka. Simu yangu ikalia ndani ya mfuko wa aproni.

Nilikuwa nimesimama karibu naye, na wimbo wote nilikuwa nimeusikia. Hata hivyo nilitoka nje kwenye kamba tupu, nikaufungua, nikausikiliza mpaka ile samahani ya mwisho. Ndani walikuwa tayari wameanza kubishana juu ya jina la bendi. Nikamwandikia mdogo wangu, "Naona watoto wamekuja," nikaenda kuwasha jiko.